Mchoro wenu wa mbu umekatikia njiani

Ndugu Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua magazetini. Nikikuta kosa huwa nalimeza, nafungua ukurasa unaofuata. Hili la ukurasa wenu wa sayansi limenikaa kooni kwa sababu ya mjukuu wangu. Aliukata ule mchoro wa maisha ya mbu, akaubandika daftarini kwa gundi ya kutosha kubandika mlango, kisha akaniletea. Mchoro ni duara lenye vituo vinne: yai, kiluwiluwi, pupa, mbu kamili. Chini yake mmeandika kwamba mbu kamili ndiyo hatua ya mwisho na kwamba hapo ukuaji umekwisha. Swali la mtoto lilikuwa fupi: "Bibi, akishakuwa kamili, anafanya nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaufunga.

Miaka 27 nimelipwa mshahara wa kufuga mbu. Wenzangu wanawapiga makofi, mimi nalipwa ili wasife. Nilikuwa fundi katika chumba cha wadudu cha kituo kimoja cha utafiti, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuhakikisha kizazi hakikatiki. Habari za yai na kiluwiluwi naweza kukumalizia kwa kikao kimoja. Habari za mbu aliyekwisha kutoka ndizo zilizonila macho miaka yote hiyo. Sasa mchoro wenu umempa yai kituo chake, kiluwiluwi chake, pupa chake (si ile pupa ya mwenye haraka), na huyu wa mwisho mmempa neno "kamili" na nukta, basi. Naomba nafasi nieleze kilichomo ndani ya hiyo nukta.

Chumba chenyewe ni cha joto, nyuzi 27 hivi, na unyevu wa kukufanya ujisikie umevaa nguo mbichi. Pupa tulikuwa tunawachota kwenye trei kwa kijiko au bomba dogo, tunawaweka kwenye kikombe cha maji, kikombe tunakiingiza ndani ya kizimba cha wavu. Pupa ana umbo la alama ya mkato. Hali chochote, lakini ukimgusa anazama kwa kujipindapinda. Jioni, wakati giza linapoanza kukaza, wanaanza kutoka. Pupa ananyoosha mkia wake ukalala sambamba na maji, hewa inaingia chini ya ngozi, ngozi inapasuka mgongoni, na mbu anainuka taratibu kama mtu anayetolewa kwenye mfuko uliombana. Miguu ndiyo inatoka mwisho. Kisha anasimama juu ya ngozi aliyoivua, inaelea, yeye juu yake kama mvuvi ndani ya mtumbwi. Ukikipiga kikombe kikumbo dakika hiyo, umewazamisha. Nimewahi kuwazamisha.

Basi huyo aliyesimama juu ya ngozi yake ndiye "mbu kamili" wenu. Ana mabawa, ana miguu sita, ana mdomo. Mwenye kitabu atamwekea alama ya vema. Nami ndivyo nilivyofanya mwaka wangu wa kwanza, nikaaibika.

Ilikuwa hivi. Mtafiti mmoja alihitaji mayai siku maalumu. Mkuu wa chumba alikuwa likizo. Nikachukua bango la ukutani, ndugu moja na mchoro wenu, nikahesabu siku kurudi nyuma: yai, kiluwiluwi, pupa, kamili. Walipotoka jioni nikawaacha madume na majike pamoja usiku ule. Asubuhi nikawaondoa madume, maana kizimba kingine kilikuwa kinawangoja, nikawapa majike damu. Wengi waliikataa kabisa. Wachache walionyonya walikaa na mayai tumboni, na hayo machache waliyotaga hayakuanguliwa hata moja. Mtafiti akaja na kisanduku chake, akaondoka nacho kitupu, hakuniambia neno. Afadhali angenigombeza.

Fundi mmoja mzee aliyekuwa anafanya kazi chumba cha pili ndiye aliyenitoa gizani. Alichukua dume aliyetoka jioni hiyo na dume wa jana, akawaweka chini ya hadubini ubavu kwa ubavu. "Mama, tazama mikia." Mwishoni mwa tumbo la dume wa mbu kuna vikoleo viwili vya kumshikia jike. Wa jana vilielekea upande mmoja, wa leo upande mwingine, juu chini. Dume wa mbu anatoka kwenye pupa sehemu zake za uzazi zikiwa zimeelekea kusiko, na katika muda wa siku nzima hivi zinajizungusha taratibu, nusu duara, nyuzi 180, mpaka zikae pale zinapotakiwa. Kabla ya hapo hawezi kupanda hata akitaka. Yule mzee akacheka: "Umeita harusi bwana harusi hajavaa."

Na jike naye ana yake. Siku ya kwanza mwili wake bado unakaza ganda, na hamu ya damu bado haijamjia. Anataka maji ya sukari tu, ambayo sisi tulimwekea kwa pamba. Sukari ndiyo chakula cha wote wawili, dume maisha yake yote. Damu ni ya mayai, na ni ya jike peke yake. Kwa jamii tuliyofuga sisi, Anopheles gambiae, jike kwa kawaida hupandwa mara moja maishani, mbegu anazihifadhi kwenye kifuko kidogo cha mviringo tumboni, na kila akitaga anatoa humo. Kwa hiyo usiku ule nilioupoteza ulikuwa usiku wa maana.

Tangu siku hiyo niliacha kusema "kamili". Kwenye lebo za vizimba niliandika siku: siku 1, siku 3, siku 9. Mbu wa siku 1 na mbu wa siku 9 kwangu ni wadudu wawili tofauti kama vile kiluwiluwi na pupa walivyo tofauti. Kinachowafananisha ni mabawa.

Mhariri, utasema hayo ni mambo ya vyumba vya wadudu, msomaji wa kawaida yanamhusu nini. Yanamhusu hivi. Mbu akimnyonya mtu mwenye vimelea vya malaria leo, hawezi kumwambukiza mtu mwingine kesho. Vimelea vinahitaji kukua ndani ya mbu, vitoke tumboni vifike kwenye tezi za mate, na kwenye joto la kawaida safari hiyo ni siku 10 mpaka 14. Mbu wengi wa nje hawafiki umri huo. Maana yake ni kwamba hatari yote imebebwa na vikongwe wachache. Ukiwaua mbu siku chache tu kabla ya umri huo, umekata ugonjwa hata kama idadi ya mbu bado ni kubwa. Mwingereza George Macdonald aliionyesha hesabu hiyo katika miaka ya 1950: urefu wa maisha ya mbu mwenye mabawa ndio wenye uzito kuliko hata wingi wao. Chandarua chenye dawa kinafanya kazi kubwa kwa sababu hii, kwamba mbu anayerudi mara kwa mara kutafuta damu anakutana nacho mara kwa mara, na kuzeeka kunakuwa kugumu. Sasa nionyesheni kwenye mchoro wenu ni wapi mbu anazeeka.

Na kuujua umri wa mbu ni kazi. Nimeifanya mpaka vidole vimekufa ganzi. Unamlaza jike kwenye tone la maji juu ya kioo, unashika kifua kwa sindano moja, kwa nyingine unavuta pingili za mwisho za tumbo, taratibu, na vifuko vya mayai vinakuja vyenyewe, viwili, vyeupe, kama punje mbili za mchele zilizoumbwa na mtu mwenye mikono midogo sana. Unaviacha vikauke. Kisha unatazama mirija myembamba ya hewa iliyovizunguka. Kama hajawahi kutaga, ncha za mirija hiyo zimejikunja kama uzi kwenye kidonge chake. Kama amewahi kutaga hata mara moja, vifuko vilipovimba kwa mayai viliivuta ikanyooka, na haijikunji tena. Njia hii tunaihusisha na Detinova, mwanasayansi wa Umoja wa Kisovieti, ambaye mwaka 1962 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia mwongozo wa kupima umri wa wadudu wa aina hii. Mimi nilikuwa naipenda kwa sababu nyingine. Ni alama ya maisha iliyoachwa mwilini mwa mdudu ambaye vitabu vinasema amekwisha kukua.

Nikubali palipo na ukweli. Mbu akishatoka haongezeki ukubwa. Ganda lake likikauka limekauka. Wale wanaoona mbu mdogo wakasema "huyu bado mtoto" wanakosea. Hakuna mbu mtoto mwenye mabawa, kama ambavyo hakuna nzi mtoto anayeruka. Mdogo ni yule aliyelelewa kwenye trei lenye msongamano na chakula haba, akatoka na mwili mfinyu, na atakufa nao. Kama mwandishi wenu alikuwa na maana hiyo, kwamba urefu na upana umefika kikomo, hapo nampa mkono. Lakini hakuandika "ukubwa". Aliandika "ukuaji".

Na hata kwenye ukubwa, wadudu wenyewe hawakukubaliana. Yule mdudu mwenye rangi ya fedha anayetafuna vitabu na karatasi za ukutani huendelea kujivua ngozi hata baada ya kuanza kuzaa, mpaka anakufa. Na kuna wale wa majini ambao wanasayansi huwaita efemera: wanatoka majini na mabawa, wanaruka mpaka kwenye jani, halafu wanajivua tena, mabawa na yote, wanatoka na mabawa mengine yenye kung'aa zaidi. Hakuna mdudu mwingine anayejivua ngozi akiwa tayari na mabawa ya kurukia. Huyo mtamwekea "kamili" kwenye lipi, la kwanza au la pili?

Efemera pia anaupindua mchoro wenu kwa njia nyingine. Akiwa majini huishi miezi, wengine mwaka au miwili, anakula, anajificha, anapambana na samaki. Akipata mabawa hali tena. Mdomo wake umenywea, na utumbo umejaa hewa. Kwa walio wengi ni saa chache au siku chache za kutafuta mwenza, kutaga, kufa. Kuna jamii moja ya Marekani, Dolania americana, ambayo jike wake huishi chini ya dakika 5 tangu apate umbo lake la mwisho. Nyenje wa mashariki ya Marekani hukaa ardhini miaka 13 au 17 wakinyonya mizizi, kisha hutoka wote kwa mpigo, wanaimba wiki nne mpaka sita, wamekwisha. Ukimwuliza nyenje maisha ni nini, atakutajia udongo.

Mwenye kupingana nao kabisa ni mbung'o. Huyu mtoto wake hajilishi hata siku moja. Mama anabeba buu mmoja tu tumboni, anamnyonyesha kwa maziwa ya tezi yake, na baada ya siku tisa au kumi anamzaa akiwa mnene karibu kama yeye mwenyewe. Buu anajichimbia kwenye udongo, anageuka pupa, anakaa huko kama mwezi. Atakachokula kwa mdomo wake mwenyewe atakula akiwa na mabawa. Na akitoka, misuli yake ya kurukia bado haijajengeka vizuri. Inampasa apate damu mara kadhaa ndipo ijae. Rafiki yangu aliyefanya kazi na mbung'o alikuwa akimbonyeza kifua mbung'o aliyetoka karibuni na kuniambia ni laini kama tunda lililozidi kuiva. Nikambishia neno, nikamwambia hajaiva, ndiyo kwanza amekomaa. Tulicheka, lakini nalisimamia hilo mpaka leo. Kiswahili chetu kinajua kwamba tunda hukomaa kwanza na kuiva baadaye, na kwamba mtu anaweza kubalehe bila kupevuka. Tumepewa maneno manne, ukurasa wenu umetumia moja, tena lisilokuwamo.

Nyuki nao wamefuatwa kwa karibu sana na watafiti, kwa hiyo niwataje. Kibarua wa nyuki anatoka kwenye kijumba chake akiwa na umbo lake lote. Siku za kwanza anasafisha vijumba. Kisha tezi za kichwani zinajaa, anakuwa mlezi, anawalisha mabuu. Halafu tezi hizo zinasinyaa, zinaamka zile za nta chini ya tumbo, anajenga. Kwenye wiki ya tatu hivi anatoka nje kutafuta maua, na wakati huo kuna sehemu za ubongo wake zinazopanuka. Yote hayo baada ya kuwa "kamili". Na ukiwaondoa walezi kwenye mzinga, baadhi ya wale waliokwisha kuwa watu wa nje wanarudi ndani kulea, tezi zinaamka upya. Wakati wa kazi nyingi kibarua anaishi wiki sita hivi. Malkia, aliyetoka kwenye yai la namna ile ile ila akalishwa chakula kingine, anaweza kuishi miaka miwili, mitatu, wengine mpaka mitano.

Nisije nikaonekana najua wadudu tu. Mjukuu wangu alipoona nimeshika kalamu alitaka nimweke na yule salamanda wa Meksiko, axolotl, kwa sababu anapenda sura yake. Namweka, maana ana hoja. Salamanda wengine huanza maisha majini na mashavu ya kupumulia yaliyo nje kama vishungi, kisha huyapoteza na kutoka nchi kavu. Axolotl hatoki. Anabaki na vishungi vyake, na mkia wake wa utotoni, na humo humo anazaa. Katika miaka ya 1860 baadhi yao walipelekwa Paris, na Auguste Duméril, aliyewatunza, alishangaa mwaka 1865 alipoona baadhi ya watoto wao wamepoteza vishungi na kugeuka salamanda wa nchi kavu. Baadaye ilijulikana kwamba homoni ya tezi ya shingo ndiyo inayofanya kazi hiyo, ukimpa, anageuka. Kwa hiyo mnyama mmoja ana namna mbili za kuwa mzima, na moja kati yake ina sura ya mtoto. Chura wa Amerika Kusini aitwaye Pseudis paradoxa naye ana kiluwiluwi cha sentimita 25, halafu chura mwenyewe akitimia hafiki hata theluthi ya hapo. Anakua kwa kupungua!

Mdogo wangu wa kiume ni mtu wa miche. Nilipomsomea rasimu ya barua hii alisema mimea nimeionea. Ni kweli, na alichoniambia ni kizuri kuliko vyote nilivyoandika. Mwembe uliotoka kwenye kokwa unaweza kukaa miaka sita au zaidi bila ua hata moja. Haukosi mbolea, bado ni mtoto. Lakini ukikata kikonyo kwenye mwembe unaozaa, ukakibebesha juu ya mche mchanga wa kokwa, mche huo utazaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne. Mizizi ni ya kitoto, kichwa ni cha mtu mzima, na kile kikonyo hakisahau umri wake kwa kuwa kimehamishiwa kwenye shina dogo. Hata anapaswa kuchuma maua kwenye miche midogo, maana kikonyo kinataka kuzaa wakati shina haliwezi kubeba. Tangu aniambie, nikiona mche umechanua ukiwa na urefu wa goti siwezi kupita bila kuutazama.

Na sisi je? Sheria nyingi zinasema miaka 18, na mikataba ya kimataifa ya watoto imeufuata mstari huo. Lakini mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, ncha yake ya ndani huwa haijafunga mpaka mtu apite miaka 20, kwa wengine mpaka karibu 30. Mtu amekwisha kupiga kura mara mbili, mfupa bado unaendelea na shughuli zake. Lenzi ya jicho ndiyo kabisa haiachi: inaongeza tabaka juu ya tabaka tangu tumboni mpaka kaburini, inanenepa na kukakamaa, na baada ya miaka 40 maandishi ya karibu yanaanza kukimbia. Kwangu yalikuja kwa namna ya ajabu. Ndani ya hadubini niliona vile vile kama nilivyoona binti, maana hadubini unairekebisha kwa gurudumu. Nilipoinua kichwa kuandika kwenye daftari, namba zilikuwa ukungu. Nikadhani kalamu imevuja. Wiki nzima nilibadilisha kalamu kabla sijaelewa kwamba ni mimi. Mnaweza kuita huko ni kuchakaa, lakini lenzi ilikuwa inaendelea kukua.

Kuna na kipindi ambacho kanuni ya "mzima ni yule anayezaa" inakwama. Nyangumi wauaji, orka, majike huacha kuzaa kwenye miaka 40 hivi, na wengine huishi mpaka 80 na zaidi. Watafiti waliowafuatilia miaka mingi walionyesha mwaka 2015 kwamba hao bibi ndio huongoza kundi, hasa samaki aina ya samoni wanapokuwa haba. Sokwe wa Ngogo huko Uganda nao, kwa mujibu wa utafiti uliotolewa mwaka 2023, majike wengine huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Nina miaka 63, sina la kuongeza hapo.

Namwelewa mwandishi wenu. Nafasi ni finyu, na mtoto wa shule anahitaji vituo vinne avikariri kabla ya mtihani. Kipimo cha kusema kiumbe ni mzima anapoweza kuzaa ni kipimo kizuri. Papa wa Greenland anakifikia akiwa na miaka kama 150, kule maabara mnyoo mdogo wa milimita moja anakifikia kwa siku tatu, na wote wawili tunaweza kuwazungumzia kwa neno moja. Ugomvi wangu ni kwamba mmekichukua kipimo cha kuingilia mlangoni mkakifanya ukuta wa nyuma wa nyumba.

Sikuombi mkanushe. Naomba mchoraji aongeze. Nimeambatanisha mchoro wangu wa penseli, mistari imepinda, mkono si ule wa zamani. Baada ya pupa nimeweka duara lingine, kubwa kuliko la kwanza: saa za kwanza, ganda linakauka, siku ya 1, dume anajizungusha, siku ya 2 au 3, jike anataka damu, siku mbili tatu baadaye anataga, anarudi kutafuta damu, anataga tena, siku ya 12 kwenda juu nimepaka rangi nyekundu. Pembeni nimechora ile mirija ya hewa mara mbili, iliyojikunja na iliyonyooka. Kama nafasi haitoshi kateni mengine, hiyo mirija iacheni. Mjukuu wangu amekwisha kunakili duara la pili kwenye daftari lake, juu ya lenu, na gundi imeshindwa kushika.

Wasalaam,
Fundi mstaafu, chumba cha mbu